Chumvi ya agano na nchi ya chumvi: jibu kwa mwalimu wa vijana wa kipaimara

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninafundisha vijana wa kipaimara kanisani kwetu. Jumapili iliyopita tulikwama kwenye Mathayo 5:13, Yesu anaposema sisi ni chumvi ya dunia, lakini chumvi ikiharibika itatiwa nini hata ikolee? Haifai tena ila kutupwa nje na kukanyagwa na watu. Kijana wa kidato cha tatu alisema chumvi ni sodiamu kloridi, haiwezi kuharibika, kwa hiyo Yesu alikosea. Mwenzake akauliza: kama chumvi ni kitu chema, mbona Abimeleki aliipanda Shekemu, na mke wa Lutu akageuka nguzo ya chumvi? Sikuwa na jibu. Na nyumbani nako kuna jambo. Shangazi yangu amenunua pakiti ya chumvi iliyoombewa. Ameambiwa tuinyunyize kuzunguka kiwanja na tuitie kwenye maji ya kunywa, hata ya mtoto wetu wa miezi minne, kama Elisha alivyofanya Yeriko. Anasema ni andiko. Je, katika Biblia chumvi ni baraka au ni laana? Na hii ya shangazi tuifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lisiloweza kungoja: chumvi hiyo isiingie kinywani mwa mtoto, iwe imeombewa au haijaombewa. Katika miezi minne maziwa ya mama yanamtosha, hata maji matupu hayahitaji, na figo zake bado ni changa, haziwezi kuitoa chumvi ya ziada upesi. Kama amekwisha kunyweshwa, na mnamwona amelegea, anatapika, analia bila kutulia au anapata degedege, mpelekeni kituo cha afya leo hii. Yaliyobaki hapa chini yanaweza kusomwa taratibu.

Nikirudi darasani kwako, naona umeulizwa maswali mawili na shangazi akaongeza la tatu. Yote yanatoka kwenye shina moja, yaani kile chumvi inachokifanya kwa maji. Ukilishika hilo, mistari inayoonekana kugombana itaanza kuelewana yenyewe.

Kijana wako wa kidato cha tatu amesema kweli, usimnyamazishe. Sodiamu kloridi safi haiozi wala haichachi. Ukiipasha moto inayeyuka ikifika nyuzi 801 za Selsiasi, na ikipoa ni chumvi ileile. Ila amedhani kwamba chumvi ya jikoni mwa Mgalilaya ilikuwa kama hii ya pakiti ya dukani, na haikuwa hivyo.

Sehemu kubwa ya chumvi ya nchi ile ilitoka Bahari ya Chumvi na pembezoni mwake. Bahari hiyo ni ziwa lililo chini kabisa ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 430 kwa sasa. Mto Yordani unaingia lakini hakuna mto unaotoka, kwa hiyo maji huondoka kwa njia moja tu, ya kukaushwa na jua, na kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kinabaki. Kilo moja ya maji yake ina karibu gramu 340 za chumvichumvi, wakati bahari ya kawaida ina gramu 35 hivi. Lakini ni chumvi za namna nyingi. Karibu nusu ni magnesiamu kloridi, ambayo ni chungu kama dawa. Sodiamu kloridi, yaani chumvi ya chakula, haifiki theluthi. Iliyobaki ni kalsiamu kloridi, na potasiamu kloridi kidogo.

Maji ya namna hiyo yakikauka, vitu havitoki kwa pamoja. Jasi, yale madini meupe ya kutengenezea chaki, hutangulia kuganda, kisha chumvi ya chakula, na mwisho zile chungu za magnesiamu na potasiamu. Anayefanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi ya mwambao wetu anayajua haya kwa mikono yake: ukichelewa kuyatoa yale maji machungu ya mwisho, chumvi yako inatoka chungu na haikauki vizuri. Chanzo cha pili kilikuwa Mlima Sodoma, kusini-magharibi mwa bahari hiyo. Ni mlima wa chumvi kweli, si wa kimithali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu walitangaza kwamba pango la Malham ndani ya mlima huo lina urefu wa kilomita 10, pango la chumvi refu kuliko yote yaliyopimwa. Chumvi ya humo nayo imechanganyika na tabaka za jasi na udongo wa mfinyanzi.

Sasa chukua bonge la chumvi ya namna hiyo, uliweke pembeni ya nyumba yenye sakafu ya udongo. Magnesiamu kloridi huvuta unyevu wa hewani, bonge linatoa jasho. Jasho hilo, au mvua iliyopenya paani, linaondoka na chumvi. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 360 hivi za chumvi ya chakula, lakini jasi ni gramu 2 na kitu tu. Kwa hiyo chumvi inatangulia kuondoka, jasi na udongo vinabaki. Mama wa nyumba analichukua bonge lake siku ya kupika: ni jeupe, lina umbo lilelile, bado analiita chumvi, na mchuzi haukolei. Atalitupa njiani.

Hili unaweza kuwaonyesha vijana kwa dakika ishirini. Changanya vijiko viwili vikubwa vya chumvi na vijiko sita vya mchanga mweupe uliooshwa vizuri na kukaushwa. Weka kwenye kitambaa safi, ufunge juu ya bakuli. Mimina juu yake glasi moja ya maji polepole, onjeni maji yaliyochuja bakulini: yana chumvi kali. Badilisha bakuli, mimina glasi ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Ukifika ya nne maji yanakaribia kuwa matamu kama ya bomba, na mchanga bado upo kitambaani kama ulivyokuwa. Usimimine maji yote kwa mkupuo mmoja, maana yatapita pembeni na chumvi itabaki katikati ya mchanga, nawe utaonekana umeshindwa.

Hata hivyo nakusihi usiwaambie vijana kwamba sayansi sasa "imethibitisha" Mathayo 5:13. Usemi wa Yesu hausimami juu ya jasi. Kigiriki cha Mathayo na Luka kinatumia tendo linalotokana na neno la upumbavu: chumvi "ikipumbazika". Marko 9:50 yeye anaandika waziwazi, chumvi "isiyo na chumvi". Wengi wanaokijua Kiebrania na Kiaramu wanaona hapo nyuma neno moja lenye sura mbili, *tafel*, yaani kisicho na ladha. Ayubu 6:6 analitumia kwa chakula kisichokolea, na ndugu yake wa karibu katika Ayubu 1:22 ni jambo la kipumbavu, lisilofaa kumnenea Mungu. Mwanafunzi aliyeacha kuwa mwanafunzi hajapungukiwa ladha tu, amekuwa mpumbavu. Ndiyo maana katika ubatizo wa zamani wa Kanisa la Roma mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, aliwekewa chembe ya chumvi ulimini, chumvi ya hekima, desturi iliyoondolewa kwenye ibada mpya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Na ndiyo maana Paulo katika Wakolosai 4:6 anataka maneno yetu "yakikolea munyu", yaani chumvi. Waulize vijana kama wanalijua neno munyu. Wengine wanalo katika lugha za nyumbani kwao, na watafurahi kulikuta kwenye Biblia.

Wayahudi nao waliujua usemi huu. Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, katika kitabu cha Bekhorot ukurasa wa 8, inasimulia jinsi wazee wa Athene walivyomjaribu Rabi Yehoshua ben Hanania. Walimwuliza: chumvi ikiharibika, itakolezwa kwa nini? Akajibu: kwa kondo la nyuma la nyumbu. Wakasema: kwani nyumbu ana kondo la nyuma? Naye akasema: kwani chumvi huharibika? (Nyumbu huyu ni mtoto wa punda na farasi, ambaye kwa kawaida hazai, siyo yule wa Serengeti.) Unaona basi kwamba hoja ya kijana wako ina umri wa karne nyingi, na aliyeitoa alikuwa rabi. Mwambie hivyo, atatembea kifua mbele wiki nzima.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kuusoma mstari. Moja inasema Yesu alikuwa akiwakumbusha kitu walichokiona majumbani, bonge jeupe lisilokoleza. Nyingine inasema alitaja jambo lisilowezekana kwa makusudi: chumvi iliyoacha kuwa chumvi ni kichekesho, na mwanafunzi aliyeacha ufuasi ni hivyo hivyo. Mimi naegemea ya pili, kwa sababu swali "itatiwa nini hata ikolee?" halina jibu wala halikutafuta jibu. Lakini ya kwanza si ya kutupwa, na kwa darasa lako fundisha zote mbili.

Kuna wanaosema "chumvi ya dunia" ni mbolea, kwa kuwa neno la Kigiriki linaweza kuwa ardhi na Luka 14:35 anataja nchi na jaa. Ni kweli chumvi za potasiamu hurutubisha udongo, na Luka anaonyesha kwamba watu walikuwa na matumizi fulani huko. Lakini Luka huyohuyo anauliza itakolezwa nini, na hilo ni swali la jikoni. Sioni sababu ya kuutoa mstari kwenye sufuria. Na ile habari kwamba askari wa Roma walilipwa mishahara ya chumvi usiihubiri. Neno la Kilatini la mshahara lina uhusiano na neno chumvi, lakini hakuna maandishi ya kale yanayoonyesha askari akipewa gunia la chumvi mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye baraka na laana, maana hapa ndipo penye utamu wa swali lako.

Chumvi huvuta maji. Ukimpaka samaki chumvi, maji yanatoka mwilini mwake, na vijidudu vya kuozesha navyo vinakaushwa kwa njia hiyohiyo, ndiyo sababu ng'onda hudumu miezi. Ukiitia chumvi ileile kwenye udongo, mizizi ya mche nayo inashindwa kunywa, ingawa udongo umelowa. Mche unakufa kwa kiu penye maji. Ni kazi moja. Chumvi inazuia kitu kisigeuke: nyama isioze, na mbegu isiote. Kwa watu wa Biblia, waliokaa kati ya ziwa la Galilaya lenye samaki na Bahari ya Chumvi isiyo na samaki, mambo hayo mawili yalikuwa mwendo wa siku chache tu. Katika ufuo wa Galilaya kulikuwa na mji ambao Wagiriki waliuita Tarikea, mahali pa kutia samaki chumvi, na wengi huutambua kuwa ndio Magdala.

Ukiisoma mistari ya chumvi kwa jicho hilo, swali la baraka au laana linabadilika. Chumvi inakifanya kitu kidumu hivyo kilivyo. Kama ni agano, linadumu. Kama ni uharibifu, nao unadumu.

Anza na Walawi 2:13. Kila sadaka ya unga itiwe chumvi, nayo inaitwa chumvi ya agano la Mungu wako. Mistari miwili nyuma yake chachu na asali zimekatazwa madhabahuni. Hizo mbili huchachusha, hugeuza. Chumvi huzuia kugeuka. Hesabu 18:19 inaliita fungu la makuhani "agano la chumvi la milele", na katika 2 Mambo ya Nyakati 13:5 mfalme Abiya anamkumbusha Yeroboamu kwamba Daudi alipewa ufalme kwa agano la chumvi. Hekaluni hili halikuwa neno la mdomoni tu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika kitabu cha Middot, inataja chumba cha chumvi kwa ajili ya sadaka, na chumba kingine ambamo ngozi za wanyama wa sadaka zilitiwa chumvi zisioze. Mfalme Artashasta alipomruzuku Ezra (Ezra 7:22) aliweka kikomo kwa fedha, ngano, divai na mafuta, kila kimoja 100 kwa kipimo chake. Chumvi peke yake iliachwa bila kiasi. Na Mishna ya Eruvin inaruhusu chumvi kumwagwa juu ya ngazi tambarare ya madhabahu siku ya mvua makuhani wasiteleze. Wapo wanaodhani hapo ndipo "kukanyagwa na watu" kunapotoka. Sina uhakika wa kulisimamia hilo, lakini inapendeza kujua kwamba hata hekaluni chumvi ilikanyagwa.

Kuna mstari mmoja ambao msomaji wa Kiswahili huuelewa vibaya kwa sababu ya utajiri wa lugha yake. Katika Ezra 4:14 maadui wa Yerusalemu wanamwandikia mfalme kwamba wao hula chumvi ya nyumba ya mfalme. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee aliyeona mengi. Hao hawakusema wamezeeka. Walisema tunalishwa na ikulu, kwa hiyo tunawiwa uaminifu. Ukiwa umekula chumvi ya mtu, humsaliti. Weka hapo karibu Marko 9:50, "muwe na chumvi ndani yenu, mkakae kwa amani ninyi kwa ninyi", na utaona kwa nini chumvi na amani zimekaa sentensi moja.

Meza za Wayahudi zimelihifadhi hili mpaka leo. Mkate wa Sabato huchovywa kwenye chumvi, kwa kuwa meza ya nyumbani imechukua nafasi ya madhabahu. Na nyama hutolewa damu kwa chumvi: inalowekwa nusu saa majini, inapakwa chumvi ya chenga pande zote, inaachwa saa moja juu ya ubao uliolala kwa mteremko damu ichuruzike, kisha inasuuzwa mara tatu. Chumvi laini haifai, inayeyuka ndani ya nyama kabla ya kuvuta damu. Ya mawe makubwa nayo haifai, inadondoka. Unaona ni kazi ileile ya kuvuta.

Upande wa pili ni nchi. Kumbukumbu la Torati 29:23 inaichora nchi iliyovunja agano: kiberiti na chumvi, haipandwi, haizai, wala majani hayamei. Yeremia 17:6 anamweka aliyelaaniwa katika nchi ya chumvi isiyokaliwa na watu. Zaburi 107:34 inasema Mungu huigeuza nchi ya matunda kuwa ya chumvi kwa ubaya wa wakaao ndani yake. Sefania 2:9 anaitishia Moabu na Amoni mashimo ya chumvi. Manabii hawa hawakubuni mandhari. Walipanda mlima wowote mashariki ya Yerusalemu wakaitazama. Lakini usisahau Ayubu 39:5 na 6, ambako Mungu anamuuliza Ayubu ni nani aliyempa punda mwitu nchi ya chumvi kuwa makao yake. Nchi ambayo kwa mwanadamu ni hukumu, kwa punda mwitu ni nyumbani, mbali na kelele za mji na za msimamizi. Mstari huo huwa haufundishwi, na unastahili.

Abimeleki, katika Waamuzi 9:45, aliipiga Shekemu mchana kutwa, akaibomoa, akaipanda chumvi. Je, aliharibu ardhi? Tufanye hesabu. Hekta moja ya udongo kwa kina cha sentimita 30 ina uzito wa karibu tani 4,000. Ili kuidhuru shayiri, ambayo ni mvumilivu wa chumvi, unahitaji kama gramu 2 kwa kilo ya udongo, yaani tani 8 kwa hekta moja. Punda mmoja akibeba kilo 100, hao ni punda 80 kwa hekta moja tu, na Bahari ya Chumvi iko kilomita 50 hivi kutoka Shekemu ukipita angani. Halafu Shekemu iko kati ya milima ya Gerizimu na Ebali, penye mvua nyingi ambayo ingeiosha chumvi hiyo baada ya misimu michache. Alichofanya kilikuwa tangazo: mji huu ubaki magofu kama ulivyo. Wafalme wengine wa kale walifanya vivyo hivyo. Ashurbanipali wa Ashuru, katika karne ya 7 kabla ya Kristo, aliandika kwamba alimwaga chumvi pamoja na mbegu za magugu juu ya nchi ya Elamu. Ila ile ya Waroma kuipanda chumvi Karthago, mji adui wao wa Afrika ya Kaskazini, haimo katika mwandishi yeyote wa kale. Ni hadithi ya wanahistoria wa juzi, iache. Na usiache kuwaambia vijana jinsi sura yenyewe inavyoendelea: Abimeleki alikufa kwa jiwe la kusagia lililotupwa na mwanamke, na Shekemu ilijengwa tena. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alikwenda kutawazwa hukohuko.

Kuhusu mke wa Lutu, soma kwanza Mwanzo 13:10. Kabla ya maangamizi, bonde lile lilikuwa na maji mengi, "kama bustani ya Bwana". Kisha 19:26. Ni bustani iliyokuwa nchi ya chumvi, na mtu aliyeganda akiitazama. Mlima Sodoma una nguzo nyingi zilizochongwa na mvua, na moja huonyeshwa wageni kwa jina la mke wa Lutu. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliandika kwamba aliiona nguzo hiyo kwa macho yake. Kama kijana atauliza ile nguzo ilitokana na simulizi au simulizi ilitokana na nguzo, mwambie waziwazi kwamba Wakristo waaminifu wamejibu kwa namna zote mbili. Jambo ambalo maandiko yenyewe yanalikazia ni lile la kudumu: Hekima ya Sulemani 10:7, kwa walio nayo katika Biblia zao, inaiita nguzo hiyo ukumbusho wa nafsi isiyoamini, na Luka 17:32 ina maneno matatu tu, "Mkumbukeni mkewe Lutu."

Sasa Elisha, ambaye shangazi amemshika. 2 Wafalme 2:19 hadi 22. Watu wa Yeriko wanasema mji ni mzuri ila maji ni mabaya na nchi inazaa mapooza, yaani mazao yanaharibika kabla ya kukomaa. Elisha anataka chombo kipya, kitiwe chumvi, anaenda kwenye chemchemi, anaitupa humo na kusema: Bwana asema hivi, nimeyaponya maji haya. Kila msikilizaji wa Yeriko, mji ulio karibu kabisa na Bahari ya Chumvi, alijua kwamba chumvi ndiyo inayoua maji na ardhi. Nabii alichukua kile kinachoharibu, akakitumia kuponya, ili pasiwe na wa kusema ni chumvi iliyofanya kazi. Ukiigeuza habari hii kuwa kanuni ya matumizi ya chumvi umeisoma kinyumenyume. Tena angalia: mara moja tu, kwenye chemchemi ya mji mzima, bila malipo. Sura tatu mbele Elisha anaikataa zawadi ya Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, na Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyeikimbilia talanta mbili za fedha anatoka na ukoma wa Naamani.

Ezekieli 47 anaungana naye. Maji yanatoka hekaluni, yanateremka mpaka Bahari ya Chumvi, maji yanaponywa, na wavuvi wanasimama toka En-gedi mpaka En-eglaimu wakianika nyavu. Bustani inarudi. Lakini mstari wa 11 unasema madimbwi na mabwawa hayataponywa, yataachwa yawe ya chumvi. Hata katika ndoto ya uponyaji kamili, watu bado wanahitaji chumvi ya chakula na ya sadaka. Kama una muda wa kufundisha sura moja tu kuhusu chumvi, fundisha hii.

Basi pakiti ya shangazi. Makanisa ya kale yamebariki chumvi, nami silidharau hilo. Katoliki ina sala ya kubariki chumvi ya kuchanganywa na maji ya baraka, na sala hiyo inamtaja Elisha kwa jina. Lakini kubariki ni kuomba, si kuuza dawa. Kwenye maji ya kunywa, chumvi haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Maji yachemshwe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Mtu mzima hapaswi kuzidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo tayari tunaila kwenye mboga. Kama shangazi ana presha, au miguu inavimba, au anatumia dawa za moyo au figo, kila kikombe cha maji ya chumvi kinampunguzia nguvu ya dawa zake. Kuzunguka kiwanja, itaua maua na mboga zilizo pembeni, na ikifika kwenye msingi italisha kutu nondo na kutoa ule unga mweupe ukutani. Msimpake mtoto mwilini pia. Ezekieli 16:4 inataja desturi ya kumsugua mtoto mchanga kwa chumvi, lakini inaitaja tu, haiiagizi, na ngozi ya mtoto mchanga hupitisha chumvi hadi kwenye damu.

Usimpokonye shangazi pakiti yake mbele ya watu. Kaa naye, someni pamoja 2 Wafalme sura ya 2 mpaka ya 5 kwa sauti, na umwache mwenyewe afike kwa Gehazi. Kama imani yake imeshikwa sana na aliyemuuzia, mpelekeni kwa mchungaji wenu azungumze naye ana kwa ana, na siku hiyohiyo mpitie zahanati apimwe presha. Chumvi yenyewe, kama pakiti haijafunguliwa na imeandikwa kuwa ina madini joto, itieni kwenye mboga kwa kiasi.